Logilaini ya mapenzi imebuma? Tafuta tatizo liko wapi kabla hujamjibu mwandishi

Mtu anakutumia sentensi zake mbili za muvi ya mapenzi, anaomba maoni, na wengi wetu tunajibu kwa njia mbili tu, ama "nzuri sana, endelea" ama "hii stori tushaiona". Yote mawili hayamsaidii kitu, anabaki na sentensi zilezile na hajui ashike wapi. Kiukweli logilaini ya mapenzi ni ngumu kuliko ya muvi ya ujambazi, maana kwenye ujambazi hela imeibiwa, mtu kauawa, shida inajionyesha yenyewe, ila kwenye mapenzi shida iko ndani ya watu wawili na mwandishi anaiona vizuri sana kichwani mwake mpaka anasahau kuiandika. Sasa kazi ya anayetoa maoni siyo kupiga kura kama ni nzuri au mbaya, ni kumtafutia kitu gani kimebaki kichwani hakijafika kwenye karatasi.

Tuwekane sawa kwanza. Logilaini ni sentensi moja, zikizidi sana mbili, maneno kama 25 mpaka 50, na ndo kitu prodyuza anasoma kabla hajaamua kufungua skripti yenye kurasa 90 au 100 na kitu. Ndani yake tunatafuta steringi (mhusika mkuu) ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na akikosa anapoteza nini. Kwa mapenzi mi naongeza swali moja, na hili ndo linabeba karibu kila kitu huku chini: kwa nini hawa wawili wasiwe pamoja leo hii jioni?

Isome mara moja tu, weka simu pembeni, kaa kidogo halafu isimulie kwa sauti bila kuangalia. Ulichokikumbuka ndo kinachofanya kazi, ulichokisahau au kukichanganya ndo pa kuanza kuchimba. Usianze na tahajia wala koma, hizo zina muda wake.

Dalili: umeelewa kila neno lakini husikii kitu

"Kijana maskini wa Manzese anampenda binti wa tajiri wa Masaki lakini wazazi wa binti hawataki waoane."

Hii inakuja kwa sura nyingi, leo Manzese na Masaki, kesho Kibera na Karen, ila chanzo ni kilekile, kizuizi kimetajwa lakini hakizuii. Wazazi hawataki, sawa, halafu? Huyo binti ana miaka mingapi? Kama ana 27 na kazi yake, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haimdai ridhaa ya mzazi akishatimiza miaka 18, wanatoa notisi ya siku 21 wanafunga ndoa bomani na muvi imeisha dakika ya 20. Mtazamaji anaweza asijue vifungu vya sheria ila anajua mtaani kwao kuna watu walioana wazazi wakanuna na maisha yakaendelea, sasa kwa nini awe na wasiwasi na hawa?

Muulize mwandishi hivi: wakioana leo kwa siri, kesho asubuhi kinatokea nini? Akijibu "baba atakasirika" ujue kizuizi bado chepesi. Ila akikwambia "baba ndo walii wake, yaani msimamizi wa ndoa yake kidini, familia ni ya dini, na binti mwenyewe roho yake haitatulia kwenye ndoa ambayo baba hakuisimamia hata kama kadhi anaweza kuingilia pale walii akikataa bila sababu ya msingi", hapo umepata muvi, kwa sababu kizuizi kimetoka kwa baba kimeingia ndani ya binti. Hawezi kukikimbia kwa kupanda basi la usiku. Waliotazama muvi ya Kihindi ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 watakumbuka mama wa binti anawaambia kabisa watoroke, njia iko wazi, na kijana anakataa kwa sababu anataka baba amkabidhi binti kwa mkono wake mwenyewe. Ile muvi yote imekaa juu ya huo uamuzi. Kizuizi ambacho wapenzi wenyewe wanakiheshimu kina uzito kuliko wazazi kumi wanaopiga kelele.

Njia nyingine ya kuponya hii, na mi ndo naipenda zaidi, ni kuangalia kama kizuizi kinaweza kutoka kwenye kitu kilekile steringi anachokitaka. Mfano: "Dalali wa mahakama anayepigania kuokoa kampuni aliyoachiwa na baba yake anapewa siku 14 kumtoa fundi majahazi wa Pangani kwenye karakana ya ukoo wao, lakini anaanza kumpenda mtu yuleyule anayetakiwa kumfilisi." Hapo hakuna mzazi, hakuna mchawi, hakuna mpenzi wa zamani aliyerudi kutoka Dubai. Dalali akipata kazi anampoteza fundi, akimpata fundi anapoteza kampuni, na siku zinahesabika.

Na mkumbushe mwandishi kwamba huku kwetu vizuizi vyenye tarehe vipo tele, haina haja ya kuazima cha mbali. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi na kumposa waziwazi ndani ya huo muda hairuhusiwi, yaani una watu wawili wanaojua kinachoendelea na hakuna anayeweza kukisema, hiyo peke yake ni muvi. Kanisani matangazo ya ndoa yanasomwa Jumapili tatu, na kila Jumapili waumini wanaambiwa mwenye pingamizi aseme, kwa hiyo mtu mwenye pingamizi moyoni ana nafasi tatu tu na ya kwanza imeshapita. Mshenga aliyetumwa kumposea rafiki yake anazunguka na kikao cha mahari huku mwenyewe ndo kapenda. Hivi vitu mwandishi wetu anavijua toka utotoni, ila akishika kalamu anaandika "changamoto mbalimbali". Ukiona neno changamoto kwenye logilaini, mwombe akutajie moja.

Dalili: mpenzi mmoja anafanya kila kitu, mwenzake yupo tu

Jaribu hivi. Chukua sentensi kama "Kijana anapambana na tapeli tajiri ili ampate binti mrembo", mtoe binti, weka hati ya kiwanja mahali pake. "Kijana anapambana na tapeli tajiri ili aipate hati ya kiwanja." Kama sentensi inasimama vizuri tu basi binti hakuwa mtu, alikuwa zawadi ya mshindi. Hii inatokea sana na naona inaua muvi zetu nyingi za mapenzi kabla hazijapigwa picha, kwa sababu hata mwigizaji mzuri ukimpa nafasi hiyo hana cha kuigiza, atalia, atacheka, atasubiri kwenye geti.

Chanzo mara nyingi siyo dharau, ni kwamba mwandishi ameipenda stori kupitia macho ya mtu mmoja na yule wa pili hajawahi kumuuliza kitu. Kwa hiyo usimshambulie kwamba anadharau wanawake (na kuna logilaini ambazo mwanaume ndo hati ya kiwanja, bosi tajiri mtanashati asiye na kazi nyingine zaidi ya kupendwa). Muulize tu, huyu wa pili alikuwa anataka nini wiki moja kabla hawajakutana? Jibu likija, hata la maneno manne matano, "anataka kuuza nyumba ahame", "anasubiri figo ya kaka yake", muulize kama hicho kinagongana na anachotaka steringi. Kikigongana, kiingie kwenye sentensi. Kisipogongana, pengine mwandishi amechagua wapenzi wasio na sababu ya kuwa kwenye muvi moja, na hilo ni bora alijue sasa kuliko ukurasa wa 60.

Dalili: "hii nimeshaiona"

Ukijisikia kusema hivi, jizuie kwanza ujiulize ni nini hasa umeshakiona. Maskini kumpenda aliyechumbiwa na tajiri ni wazo la zamani sana na bado Titanic ya 1997 ilijaza kumbi dunia nzima, kwa sababu wazo hilohilo liliwekwa ndani ya meli ambayo kila mtu anajua itazama na wapenzi wenyewe hawajui. Uzee wa wazo siyo kosa. Mara nyingi kinachokufanya uone umeshaiona ni maneno, mrembo, mtanashati, tajiri, maskini, penzi zito, mji mkubwa, hayo maneno yameandikwa kwenye kila kava ya filamu kwa hiyo macho yanateleza tu.

Sasa badala ya kumwambia tushaiona, mwambie akubadilishie kila sifa iwe kazi, mahali au hali. "Maskini" awe konda wa daladala ambaye leseni ya gari inaisha mwezi huu. "Tajiri" awe mwenye kiwanda cha mkonge Korogwe kinachodaiwa na kila mtu. Ghafla unaona sura za watu. Na kama kweli kuna muvi inafanana na hii yake sana itaje jina, mwambie inafanana hapa na hapa na ya kwako naona inaachana nayo kwenye kipengele hiki, kipanue hicho. Ukimwacha na "tushaiona" tupu ataitupa na pengine alikuwa na kitu.

Dalili: inaisha na "Je, mapenzi yatashinda?"

Futa. Kwenye muvi ya mapenzi mtazamaji ameshakisia kwamba watakuwa pamoja au mmoja atakufa, hilo siyo swali linalomfanya alipe. Anachotaka kujua ni watalipa gharama gani. Mwandishi akiweka "je" mwishoni mara nyingi anaficha kwamba hajaamua steringi anapoteza nini, kwa hiyo mwambie ageuze swali liwe chaguo: achague kati ya nini na nini? Akishindwa kujibu, shida siyo sentensi, ni stori, rudi kwenye ile dalili ya kwanza.

Dalili: maneno 120 na bado hawajakutana

Ameanzia utotoni. Baba alifariki, akalelewa na bibi, akasoma kwa shida, akaja mjini, akaumizwa na mwanaume wa kwanza. Tafuta neno "mpaka siku moja" au "ndipo", kata kila kitu kabla yake, soma kilichobaki. Kwa kawaida kinasimama. Kama kuna kipande cha nyuma ambacho bila hicho mapenzi hayaeleweki, kibane kiwe maneno mawili matatu yaliyobandikwa kwa steringi, "mjane", "aliyetoka jela jana", yatosha.

Dalili: kuna siri kubwa lakini hutajiwi

"Siri nzito inapofichuka kila kitu kinabadilika." Siri gani? Hapa chanzo ni viwili na ni muhimu kuvitenganisha. Wapo wanaoficha kwa sababu wanaogopa kuharibu utamu, na hawa waambie tofauti iko hivi, siri inayoendesha muvi nzima inaandikwa, mwisho wa muvi ndo hauandikwi. Kama bwana harusi ana mke mwingine Muscat na sisi watazamaji tutalijua dakika ya 15, liweke, hiyo ndo injini. Kama tutalijua dakika ya 85, basi logilaini ijengwe juu ya kitu kingine kinachotufikisha hapo.

Wengine wanaogopa kuibiwa. Hofu hiyo ina msingi na usiicheke. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi iliyokwisha andikwa, wazo tupu hailindi, kwa hiyo mshauri aandike skripti au angalau sinopsi (muhtasari wa stori) ndefu yenye tarehe, aisajili COSOTA, ile taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, halafu ndo aonyeshe logilaini kwa uhuru. Logilaini iliyofichwa nusu haimlindi na wala haimuuzi.

Dalili: mapenzi yenyewe yanakutisha

Hii wengi tunaipita kimya kwa kuogopa kuonekana wasumbufu. Kijana amekataliwa anamfuata binti kila siku kazini mpaka anakubali. Bosi anamtishia mfanyakazi kumfukuza halafu wanapendana. Mwandishi anaona ni uvumilivu, wewe unaona binti asiye na pa kukimbilia. Sema. Ila sema kwa swali linalomrudisha kwenye stori, kwa mfano, angekataa tena siku ya arobaini, huyu kijana angefanya nini? Jibu litawaonyesha nyote wawili mnatazama muvi ya mapenzi au muvi ya kutisha, na kama ni ya kutisha pengine ndo muvi nzuri iliyokuwa imejificha, ila basi aiite hivyo na aiandike akijua.

Mwalimu na mwanafunzi wa sekondari hapo hakuna cha kuzungusha maneno. Tangu Sheria ya Elimu ibadilishwe 2016 kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule Tanzania ni kifungo cha miaka 30, na hata bila sheria yule ni mtoto. Mwambie moja kwa moja hii siyo stori ya mapenzi.

Dalili: hujui ucheke au ulie

Fupi tu hii. Angalia vitenzi. "Analazimika kujifanya mume wa jirani yake mbele ya mama mkwe kwa siku tatu" inachekesha yenyewe, "anamuuguza mume aliyemtelekeza" hailazimishi kuandika "filamu ya kusikitisha". Kama mwandishi ameongeza maneno ya kueleza hisia, muombe abadilishe kitenzi kwanza.

Dalili: huwezi kusema steringi ni yupi

Mapenzi yana watu wawili kwa hiyo hapa usiwe mkali sana. Lakini kama kila mmoja amepewa sentensi yake, shida yake na ndoto yake, msomaji anachoka. Muulize nani ana uamuzi mgumu zaidi kuufanya. Huyo aanze sentensi, mwenzake aingie kama mtu anayeufanya huo uamuzi uwe mgumu.

Pale ambapo maoni yako ndo yamegoma

Kuna wakati logilaini umeisoma vizuri lakini mazungumzo yanaharibika. Mwandishi anakujibu aya nzima kujitetea, "hujaelewa, kwa kweli yule mama ndo aliyemlipia ada kijana bila binti kujua ndo maana hawezi kumwambia". Usibishane. Soma hiyo aya kwa makini maana mara nyingi sana logilaini yenyewe imo humo ndani, mtu akijitetea anasema kile anachokijali kweli. Mnukulie sentensi yake mwenyewe umwambie hii hapa, hii haikuwemo, iweke.

Au watu watano mmesoma na kila mtu ametoa dawa yake, mmoja anasema waweke ugonjwa, mwingine pacha, mwingine wahamie Zanzibar, na mwandishi kachanganyikiwa. Dawa zikipishana angalia mmeguswa wapi, mkiwa wanne mmekwama palepale kwenye kizuizi basi tatizo liko hapo hata kama dawa zote tano hazifai. Mwambie mwandishi sehemu, dawa atatafuta mwenyewe.

Na kuna ile ya kuandika upya logilaini ya mtu ikawa yako, amekuja na wapenzi wa uzeeni Tabora wewe umemrudishia vijana wa chuo Mlimani. Ukiona umebadilisha umri, mji na mwisho, hujatoa maoni, umeandika muvi yako. Andika pembeni, iweke, rudi kwa ya kwake.

Mfano wa jibu linalofaa ni kama hivi. Mwandishi kaleta: "Muuguzi wa Mwanza aliyeumizwa na mapenzi anakutana na nahodha mtanashati na maisha yake yanabadilika milele." Unajibu: "Dada, nimeisoma mara moja nikaisimulia bila kuangalia. Muuguzi na nahodha wamebaki kichwani, nimependa kwamba ni ziwani. Nimesahau aliumizwaje na sijaona kinachomzuia kumpenda huyu nahodha. Swali langu moja, wakianza kupendana wiki hii, ni kitu gani kinaharibika?" Hapo umesema kilichobaki, kilichopotea, na umeuliza kimoja.

Anajibu: "Mume wake alikufa kwenye ajali ya boti, na nahodha ndo alikuwa kwenye usukani siku ile, muuguzi hajui." Unamwambia hiyo ndo iliyokosekana, na toleo la pili linakuja: "Muuguzi aliyefiwa na mume kwenye ajali ya boti anaanza kumpenda nahodha anayemvusha kila wiki kwenda kliniki za Ukerewe, bila kujua kwamba ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku ile." Imebadilika kabisa na ni ya kwake yote.

Bado ina tatizo, utaliona ukiuliza nani ana uamuzi mgumu. Muuguzi hajui kitu, mwenye kujua ni nahodha, yeye ndo kila wiki anachagua kusema au kunyamaza, kwa hiyo pengine sentensi ianze na yeye, au muuguzi agundue mapema awe na uamuzi wake. Ila hilo usimrushie palepale, mpongeze kwa hatua aliyopiga, mpe siku mbili akae nayo, halafu muulize hilo swali moja. Na toleo la tatu likifika liweke sambamba na la kwanza uangalie kama kuna kitu kizuri kimedondoka njiani, kama ziwa limepotea au muuguzi amegeuka "mwanamke mmoja", mwambie akirudishe.